Jina Nililolimeza

...na sasa hata kondoo wanatupita, anasema mama mkwe wangu, anacheka kile kicheko chake cha puani, Marehemu baba yenu na punda wake angekuwa ameshafika, amekunywa chai, amelala, ameamka, na mume wangu huko nje anajibu kitu ambacho sikisikii chote, ...rejeta, Mama, si mimi, ni rejeta..., kwa sababu kondoo wanalia na wamelizunguka gari pande zote mbili, wanatoka nyuma yetu wanakwenda mbele, wanateremshwa kutoka malisho ya juu, mwezi wa tisa haujafika nusu na vilele tayari vimeanza kuwa vyeupe, na sisi tumekwama kwenye kilima hiki kimoja cha mwisho kabla barabara haijashuka moja kwa moja hadi nyumbani, nyumba mpya, miezi miwili tu tangu tuhamie, bado inanuka chokaa, pua ya gari iko juu na makalio yake yako chini, na mume wangu yuko nyuma ya gari, simwoni, amefungua buti na mfuniko wa buti umeziba kioo chote cha nyuma, anatafuta chupa za maji, na mama mkwe ametundika mkoba wake mweusi kwenye hendibreki. Kwa nini kwenye hendibreki, Mama, mahali pa kuweka mkoba ni tele, weka chini, weka mapajani, nipe mimi niushike... lakini mkaza mwana hamwambii mkwe wake mahali pa kuweka mkoba, basi naukazia macho, mikanda yake miwili imeizunguka hendibreki, na kila kondoo akijisugua kwenye mlango mkoba unatikisika kidogo, najua breki haifunguki hivyo, kuna kitufe cha kubonyeza, najua, mume wangu alinionyesha, lakini naukazia macho hivyo hivyo. Na jiwe aliweka. Nilimwona akiliokota kando ya barabara, akalipima mkononi, akaliweka nyuma ya gurudumu na kulipiga teke lishike, siku hizi haegeshi gari popote bila jiwe, hata uani kwetu ambako ni tambarare kama meza, jirani mpya alimwuliza, Ndugu, hilo gari lako ni mbuzi, litatoroka? akacheka naye, lakini jiwe hakuliondoa. Aliweka jiwe, tulia, jiwe lipo. Siku ile pia kulikuwa na jiwe.

Burulcha, umelala? Hapana, Mama. Nyoosha miguu basi, mimba ya miezi saba si ya kukunja miguu kama mtu aliye msibani, nyoosha, nani anakuona, hawa kondoo? Sawa, Mama, nasema, na siinyooshi, miguu hainyooshwi kuelekea kwa mkwe, ananijua, anajua sitanyoosha, ananiambia tu kwa sababu ananipenda, na hilo ndilo linaloniumiza, laiti angekuwa mkwe mkali, mwenye kunihesabia chumvi na kunisema kwa majirani, ningekuwa na pa kushika, ningesema moyoni, na wewe ulistahili, lakini huyu alinifumia soksi majira ya baridi ya kwanza, huyu alinificha vipande vya mafuta ya mkia chini ya wali nilipokuwa natapika kila kitu, huyu leo asubuhi ndiye aliyesema, Twendeni tuzunguke milimani, tumehamia nyumba hatujui hata nyuma yake kuna nini, tumpeleke mkaza mwana akavute hewa, na akakaanga vimandazi mwenyewe, akanikataza kugusa sufuria. Nyumba ile mpya aliichagua yeye. Aliingia chumba kwa chumba, hakuangalia paa, hakuangalia jiko, aliangalia madirisha tu, anafungua pazia, anatazama nje, anafunga, na mwenye nyumba akadhani bibi huyu ana wazimu, mpaka alipofika dirisha la mwisho akasema, Nzuri, tunaichukua, kwa sababu dirisha lolote unalofungua unaona ukuta wa miti mirefu, huoni mteremko. Kule kijijini kwetu jikoni uliona mteremko. Chumbani uliona mteremko. Ulipokwenda kukamua ng'ombe mteremko ulikuwa umesimama juu ya mgongo wako.

Lakini nani amewahi kuihama milima katika nchi hii, umehama huo umeukuta huu, leo tangu asubuhi kila tulipopita nyasi zimekatwa, zimerundikwa, malori yamesimama miteremkoni yamebebeshwa nyasi hadi angani, na nyuma ya kila lori kuna mtu ameinama anakaza kamba, na kila mtu ni yeye. Mgongo wake. Sura yake inanipotea, nilipewa picha yake kwenye arobaini nikaitazama kama picha ya mgeni, lakini mgongo ninao wote, sweta la kijivu, kiraka cha kahawia kwenye kiwiko cha kushoto, kiraka nilikishona mimi, alilileta sweta kwa mama yake, akaliweka pale mlangoni akijua nitalichukua mimi, akasema akiutazama ukuta, Kama kuna mwenye sindano, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu sana, nikiingia alikuwa anageuza uso ili nisione haya, mkaza mwana mgeni humtazami usoni, unamwachia nafasi apumue, na yeye aliniachia nafasi miaka mitatu, ndiyo maana ninachokijua zaidi kwake ni mgongo. Leo nimemwona mara tatu. Kwenye daraja. Kwenye rundo la nyasi karibu na yale makaburi ya udongo. Juu kabisa, kwenye njia ya kilele, tulipotandika kitambaa tule, alikuwa amesimama mbali kando ya jabali, nikajua ni nguzo ya simu, nikaitazama mpaka ikawa nguzo ya simu, na hapo hapo, nguzo ikiwa bado haijatulia vizuri kuwa nguzo, ndipo mama mkwe aliponyoosha bakuli lake la chai, akasema bila kumtazama yeyote, Daktari amesema wa kiume. Sawa. Basi atachukua jina la mkubwa wangu.

Mume wangu alitazama mkate. Mimi nilisema, Sawa, Mama, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, na chai ikaniunguza ulimi na hata sasa ulimi una ganzi, na tangu pale sijasikia tena barabara, wameongea habari za viazi, habari za mbwa wa jirani, mimi nasikia hilo tu, jina la mkubwa wangu, yeye mwenyewe tangu azikwe huyo mwanawe mkubwa, kaka wa mume wangu, halitaji, anasema mkubwa wangu, mkubwa wangu, na mimi ndiyo kabisa, siku niliyoletwa na kuvishwa mtandio mweupe alinikalisha nyuma ya pazia, akanishika mikono, akanisomea majina ya ukoo mzima wa mume wangu, mmoja mmoja, baba mkwe, ami, shangazi, kaka mkubwa, mume, wote, akasema, Umeyasikia? Nimeyasikia. Sasa yasahau, mkaza mwana hayataji majina haya, sisi tulivyokuta ndivyo tulivyokuta, tafuta mwenyewe namna ya kuwaita. Nilitafuta. Nilikuwa hodari, watu walicheka mpaka machozi, shangazi mmoja nilimwita Shangazi wa Mtoni, ami mwenye sauti kubwa nilimwita Bwana Redio na yeye mwenyewe akaipenda, na mume wangu na mkubwa wake nikawaita kaka, kaka, wote wawili, kwetu mke hana aibu kumwita mume wake kaka, kila mwanamume aliyekuzidi umri ni kaka, ukisema kaka hukosei. Ukisema kaka hukosei, ndivyo nilivyofikiri. Na nililishika lile zoea mpaka likaingia ndani, sasa hata kichwani siwataji, hata hapa, peke yangu, katika mawazo yangu mwenyewe ambayo hakuna mkwe anayeyasikia, nasema mume wangu, nasema yule, nasema mkubwa.

Na mtoto atakuwa nani mdomoni mwangu? Kule kijijini alikuwepo bibi Batma, mwanawe alipewa jina la baba mkwe wake, na yeye akashindwa kulitamka kwa mwanawe wa kumzaa, akamwita Huyu, Huyu njoo ule, Huyu vaa viatu, miaka arobaini, Huyu mpaka ndevu zikamwota, na siku ya harusi yake kijana mwenyewe akatania, Mama, leo nimeoa, nipandishe cheo niwe Yule, tulicheka, nilicheka mimi kuliko wote, niliziba mdomo kwa mtandio na mabega yakatikisika. Nitamwita Huyu. Atatambaa kuelekea jikoni, nitasema Huyu. Atakimbia kuelekea mtoni, kwa sababu nyumba mpya ina miti lakini nyuma ya miti kuna mto, nimeusikia tangu usiku wa kwanza sikusema, atakimbia, atakuwa amenipa mgongo, mgongo mdogo wenye sweta, na mimi nitafungua mdomo na kitakachotoka... nini kitatoka... kitatoka kile kile. Naogopa. Sijawahi kumwambia mtu lakini naogopa, simwogopi marehemu, naogopa mdomo wangu.

Jamani mmelala hapa? Ni sauti ya mtu aliye juu ya farasi, amejiinamisha dirishani kwa mama mkwe, uso umeungua kwa jua, harufu ya farasi na ya moshi imeingia garini, Karibuni kundini basi, twende taratibu, hapa hata waziri akija anasubiri mikia ipite. Mama mkwe anashusha kioo chote, anapenda watu huyu mama, Mwanangu, tuuzie huyo farasi, hili gari tulichinje tugawane nyama. Farasi siuzi, Mama, lakini dereva wenu nitamchukua, namwona ana mikono ya kuchunga. Mchukue, anakula sana lakini! Wanacheka, mume wangu naye huko nyuma anacheka, chupa zinagongana, Nimeipata moja, Mama, nyingine imevuja, na mchungaji anagusa kofia yake nyeupe ya sufu, anampiga farasi kisigino, anapita mbele, anapita, sasa yuko mbele ya kioo, ametupa mgongo... sweta la kijivu. Hapana. Wanaume wote wa milimani wana sweta la kijivu, lile duka la wilayani halijaleta rangi nyingine tangu nizaliwe. Natazama kiwiko cha kushoto. Mkono umekunjwa, hatamu ziko mkononi, siwezi kuona kiwiko, geuza mkono, geuza kidogo tu nione hakuna kiraka, niache nikae kwenye gari hili kama watu wengine...

Jua lilikuwa kama hili, la manjano, lisilochoma. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya siku kama leo, tulikuwa tumechelewa kukata nyasi kwa sababu ya mvua, lori lilikuwa limesimama mteremkoni limeelekea juu, limejaa, jiwe nyuma ya gurudumu, na mimi nilikuwa juu zaidi, nimetandika kitambaa, birika limechemka, namimina chai, mume wangu yuko mbali upande wa kulia na reki, na mkubwa yuko nyuma ya lori, ameinama, anakaza kamba, goti moja chini. Niliona jiwe. Hakuna mwingine aliyeliona, mimi niliona, lilizama kidogo kwenye udongo uliolainika, halafu likazama tena, na gurudumu likapanda juu yake polepole, kwa adabu kabisa, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba ya watu, na nilikuwa na muda, hilo ndilo nisilomwambia mtu, nilikuwa na muda, ningeweza kulitaja jina lake mara tatu. Lilikuja. Lilikuja mpaka hapa, nyuma ya meno, jina lile alilopewa baada ya mama yake kuzika wawili mfululizo, jina la kumwomba mtoto abaki, nilililamba, nililimeza, na nikapiga kelele, Kaka! Kaka! Na mume wangu kule kwenye reki akageuka, akainua mkono, akatabasamu, nakuja, mimina, naja. Na yule mwingine hakugeuka. Alisikia, nina hakika alisikia, niliona mabega yake yakisikia, lakini mkaza mwana akiita kaka wakati birika limechemka anamwita mume wake kwenye chai, na mtu wa adabu hageuki mke wa mdogo wake akimwita mume, basi akainama zaidi kwenye kamba yake, akanipa nafasi, ile nafasi yake aliyonipa miaka mitatu, na lori likaja.

Hawakuniuliza. Watu wa wilaya walikuja wakapima udongo, wakamwuliza mume wangu, wakaandika, mimi nilikuwa mwanamke wa chai. Mama mkwe hakuniuliza. Wanawake waliokuja kulia walisema mbele yangu, Na mkaza mwana huyu alivyolelewa, hata siku ile hakuvunja mwiko, nani alisema vile, mke wa Bwana Redio, alisema kunisifu, nikatamani ardhi inimeze. Na mume wangu aliniuliza mara moja tu, tukichimba viazi, yuko upande wa pili wa mfereji, hakuinua kichwa, Siku ile uliniita kwenye chai, sivyo? Nikasema, Ndiyo. Chai? Ndiyo, chai. Akashusha pumzi, akaendelea kuchimba, na mimi nikaendelea kuokota, na hapo ndipo nilipomzika yule kwa mara ya pili kwa mikono yangu, kwa sababu angalau mume wangu angejua kwamba mtu alijaribu, au angejua kwamba mimi nilishindwa, angejua kimojawapo, sasa anachojua ni kwamba mke wake alikuwa anamimina chai...

...Burulcha, unatetemeka, funga hicho kioo... Siyo baridi, Mama... ...gari hili lina nini, linacheza... anasema mama mkwe, na ni kweli linacheza, kondoo wamesongamana, ni wale wa mwisho wakubwa wenye mikia mizito, wanalisukuma kwa mabega, mkoba unapiga pembe ya kiti, tak, tak, natazama dirishani na dirisha limejaa migongo, migongo inakwenda mbele, inakwenda mbele, inakwenda mbele, na gari linarudi nyuma. Linarudi. Tumboni nimeisikia, ile hali ya kitu kikubwa kilichoamua kuondoka, linateleza chini polepole kwa adabu, jiwe limezama, najua jinsi jiwe linavyozama, na yeye yuko nyuma ameinama, simwoni, mfuniko wa buti umeziba, goti moja chini, najua bila kuona kwamba goti moja liko chini, na mdomo wangu umefunguka na naona kinachokuja, kinakuja kile kile, ka..., kinakuja kwa zoea lake, kimeshafika, ka..., na nakitema. Kubat! Kubat! Kubat, toka nyuma! Kubat!

Nini! Ametokea upande wa kulia, kichwa chake kimeibuka katikati ya kondoo, chupa iko mkononi, kofia imekwenda upande, Nini, umepatwa na nini, ni mtoto? na nyuma yake barabara haijasogea, ule mwamba wenye rangi nyekundu niliokuwa nauona dirishani uko pale pale dirishani, gari halijaenda popote, hata kidole, ni kondoo tu, ni kondoo ndio wanaokwenda, macho yangu ndiyo yaliyorudi nyuma. Hakuna, nasema. Hakuna kitu. Gari limesimama. Nimesema jina la mume wangu mara nne mbele ya mama yake kwa sauti ya mtu anayechinjwa na gari limesimama. Nisamehe, Mama. Na mama mkwe hageuki. Naona ukingo wa mtandio wake, naona sikio, hereni yake ya fedha inayumba na gari, na kwanza nadhani atacheka, sauti yake inaanza hivyo, Kumbe jina lake unalo, anasema, miaka minne nilidhani umelisahau, lakini hacheki, kondoo wanalia, kisha anasema, na ni sauti ambayo sijawahi kuisikia, ndogo, ya mtu anayeomba kitu dukani akijua hana haki nacho, Siku ile... uliita?

Niliita. Ulimwita? Niliita kaka, Mama. Nasema na mikono yangu imeshika kiti chake kwa nyuma, sijui tangu lini, Niliita kaka, mara mbili, nililiona jiwe, nilikuwa na muda, jina lake lilikuwa hapa, sikulisema, nikaita kaka, akageuka huyu, haikuwa chai, naye Kubat amesimama dirishani, kioo kiko wazi, amesikia, chupa ameiinamisha bila kujua na maji yanamwagikia kiatu chake, haikuwa chai, namwambia yeye sasa, nilikudanganya kwenye viazi, haikuwa chai, na anatazama kiatu chake, anatazama mama yake, anaweka mkono juu ya paa la gari kama mtu anayelizuia lisiondoke. Sasa itakuja. Atanitukana, atalia, ataniambia shuka utembee, na nitashuka, nitatembea na kondoo hawa mpaka wanakokwenda. Mama mkwe anaushika mkoba. Anautoa kwenye hendibreki, mkanda mmoja, mkanda wa pili, imejisokota, inamchukua muda, anauweka mapajani na kuukumbatia. Mimi ndiye niliyekukalisha nyuma ya pazia, anasema. Si wewe, Mama... Ni nani basi, mimi ndiye niliyekushika mikono, mimi ndiye niliyekusomea, nikakuambia yasahau, na jina lake nililisoma la mwisho, nakumbuka, nililivuta lile la mwisho kwa sababu nilikuwa najivunia. Mabega yake yamepanda yamekaa juu. Tangu nimzike sijalisikia, anasema, huyu halitaji, mimi siwezi, wewe hutakiwi, nyumba nzima haina mtu wa kulitaja, jina zima limekaa bure. Basi mwite.

Nani, Mama? Mkubwa wangu. Mwite nisikie utakavyomwita. Na Kubat anasema, Mama, yatosha, na mama mkwe anamwambia, Wewe tia maji kwenye gari, na jina liko mahali pale pale nilipoliacha, nyuma ya meno, mwaka mzima limekaa hapo halikuharibika, nalisukuma kwa ulimi wenye ganzi, Toktosun, nasema. Linatoka dogo. Toktosun. Ni jina tu, halikuniua, gari limesimama. Mama mkwe anatikisa kichwa, bado hanitazami, machozi yanamteremka yeye mwenyewe hana habari nayo, Hapana, anasema, hiyo ni sauti ya kumwitia mtu chai. Mtoto amefika mtoni, amekupa mgongo. Mwite.

Na ninaita. Natoa kichwa dirishani, mtandio unashuka mabegani mbele za watu, naita kwa tumbo lote na yeye aliye ndani yake, Toktosun! Toktosun! Toktosun, geuka! na mlima unalipokea na kunirudishia kipande chake, kondoo wawili watatu wanashtuka wanapandana, na kule mbele mchungaji mwenye sweta la kijivu anazunguka juu ya farasi wake, anageuka mzima, kifua na uso, sura ngeni kabisa yenye masharubu, na kiwiko cha kushoto kizima hakina kiraka, ananitafuta kwa macho, ananiona, anainua mjeledi kunisalimu. Hivyo, anasema mama mkwe wangu kutoka ndani, hivyo hivyo, na Kubat bado hajatia maji, na kondoo bado wanatupita.